Miguu Chini ya Leso

Uso wangu hausomeki. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa ninajisifu. Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu akiuliza nani amevunja dirisha, alikuwa ananipita mimi niliyelivunja, anakwenda kumchapa jirani yangu, kwa sababu jirani alizaliwa na uso wa hatia. Hapa Minnesota ndiyo kabisa. Nimeendesha harusi, mazishi na besdei kuanzia Burnsville hadi Columbia Heights, na hakuna binadamu aliyewahi kunitazama machoni akajua kuna nini nyuma. Wananiita MC Gilo. Wakiniona tu wanaanza kucheka, hata kabla sijasema kitu. Ukuta gani unashinda huo?

Kwa hiyo Mama Peris aliponipigia simu, nikiwa kazini Eagan namlisha uji mzee ninayemtunza, sikutikisika hata kidogo.

"Gilbert mwanangu, hujambo? Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili usikubali kushikwa na mtu mwingine. Tuna ruracio ya Mumbi."

"Mumbi yupi, mama?" nikauliza, utadhani Burnsville imefurika Mumbi.

"Mumbi wangu! Muriuki analeta wazee na mahari. Nataka watu wacheke mpaka wasahau hii theluji."

"Mama, hiyo niachie mimi."

Nikakata simu. Mzee alikuwa amefungua mdomo akingoja. Kijiko nilikuwa nimekielekeza sikioni mwake.

Mama Peris hakujua kwamba mimi na Mumbi wake tulikuwa tumependana mwaka mzima. Tulipendania kwenye maegesho ya kanisa, kwenye foleni za duka la Wasomali tukinunua unga, na ndani ya gari langu bovu ambalo hita yake hupuliza upande mmoja tu, upande wa Mumbi. Hakujua, lakini siyo kwamba sikumwambia. Nilimwambia. Nilisimama jikoni kwake, nikasema, "Mama, na mimi nikileta mbuzi hapa kwako, utanipa Mumbi?"

Mama Peris alicheka. Alicheka mpaka akavuta kiti akakaa, akajifuta macho kwa aproni. "Wee Gilo! Utaniua! Wewe uoe?" Akanipigapiga begani. "Wewe unatufurahisha sana, mwanangu. Lakini msichana haolewi na sherehe. Sherehe jioni huisha, watu huenda kwao. Mimi namtafutia Mumbi mtu wa nyumbani."

Na mimi nilifanya nini? Nilicheka naye. Ndiyo kazi yangu.

Mtu wa nyumbani akapatikana. Muriuki, mfamasia, mpole, miwani minene. Familia yake ndiyo iliyompokea Mama Peris na bintiye walipotua hapa na sanduku moja na koti moja la kupokezana. Muriuki ni mtu mwema. Ningefurahi sana kama angekuwa mbaya.

Jioni ile ya simu, Mumbi aliingia garini, akafunga mlango, akaweka mikono yake kwenye hita.

"Mama amekupigia?"

"Amenipa kazi. Nitawachekesha wanaokununua."

"Gilo, usianze." Theluji ilikuwa inapiga kioo kama mtu anayerusha mchele. "Nataka twende mahali. Mimi na wewe, kabla ya siku hiyo. Mahali pa joto."

"Nikuwashie hita namba nne?"

"Puerto Rico. Kerubo wa kazini alienda, anasema ni kisiwa cha Karibi lakini hawakuulizi pasipoti." Pasipoti zetu sote wawili zilikuwa zimelala kwa wakili wa uhamiaji. "Nitamwambia mama naenda na wauguzi wenzangu. Sitaki kulia huko. Sitaki kuongea habari za huku. Nataka tu nijue ingekuwaje."

Nami nikamwambia kaka yangu Solomon, na kanisani kote, kwamba nimepata harusi ya kuendesha Iowa. Hakuna mtu anayeuliza maswali kuhusu Iowa.

*

Kwanza niseme kuhusu joto. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, joto lilitupokea kama shangazi wa mashambani, likatukumbatia mzima mzima, likatulowesha shingo. Mumbi alivua koti, akavua sweta, akavua la pili. Alikuwa anatoka ndani ya nguo zake kama mahindi.

Mji mkongwe ule umejengwa na Wahispania zamani za wafalme, na barabara zake zimetandikwa mawe ya buluu yanayong'aa yakinyeshewa. Nyumba zimepakwa rangi ya papai, rangi ya maembe, rangi ya ukuta wa nasari. Roshani zimening'inia juu ya vichwa vya watu, na kila roshani ina maua na bibi mmoja anayekuchunguza. Tulichukua vyumba viwili, kwa heshima ya kanisa. Kimoja kililala mabegi.

Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mwenye ua sikioni, alituangalia akatabasamu. Akatuuliza kwa Kiingereza cha kukwama tumeoana lini.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ananilipa kama mpagazi. Mumbi akanitangulia.

"Jana," akasema.

Yule mama akachomoa ua lake akampachika Mumbi. Mumbi hakunitazama mpaka tulipofika juu ya ngazi. Hapo akanitazama, na mimi nikaangalia ngazi.

Chakula chao, jamani! Wanakaanga ndizi, wanazitwanga kwenye kinu na vitunguu saumu, wanakuletea kama kichuguu. Mimi ni mtu wa Kisii, ndizi naijua kuliko jina la ukoo wangu, lakini pale nilinyoosha mikono. "Ningezaliwa hapa," nikamwambia Mumbi, "mama yangu asingenipata nyumbani hata siku moja." Akacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Siku ya tatu tukaenda kwenye ngome. Iko juu ya mwamba, imegeuzia bahari mdomo, na mbele yake kuna uwanja mkubwa wa nyasi ambapo familia nzima nzima zinarusha vishada. Sote wawili tulikuwa tumewahi kupelekwa Mombasa na shule zetu, tukaandikishwa maelezo juani.

"Hii ni Fort Jesus iliyokula ikashiba," Mumbi akasema.

"Angalia ukuta unene wake. Chumba changu cha kulala kinaingia humo na kitanda juu."

"Walikuwa wanamwogopa nani hivi?"

"Kila mtu. Mwingereza, Mholanzi, maharamia. Mama yako ndiye aliyewachorea ramani."

Alicheka, kisha kicheko kikakatika kama umeme wa Kisii. Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa ukuta. Upepo ulikuwa unamvuta gauni upande, naye ameshikilia lile ua lisiende.

"Gilo."

"Naam, malkia."

"Weka MC chini kidogo. Nataka kuongea na Gilbert."

"Gilbert ametoka. Unaacha ujumbe?"

"Ndiyo, naacha." Hakucheka. Alikuwa anatazama kishada kimoja chekundu kilichokuwa kinahangaika peke yake. "Mwambie aseme neno moja tu. Aseme, Mumbi, usiolewe na Muriuki. Basi. Nitampigia mama nikiwa hapa hapa juu ya ukuta. Atalia. Atanyamaza, na wewe unajua mama akinyamaza nyumba inakuwa friji. Muriuki ataumia na hajakosa kitu. Yote hayo nitayabeba. Lakini siwezi kuanza mimi. Nikianza mimi ni mtoto aliyemkaidi mama yake. Gilbert akianza, mimi ni mwanamke aliyeombwa."

Akageuka, akaniangalia. Macho ya Mumbi ni makubwa na hayana haraka. Yalikaa juu yangu.

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa limefika hapa, kooni. Nikaona jiko la Burnsville, kiti kikivutwa, aproni ikifuta machozi ya kicheko. Wewe uoe? Na nikaona nikilisema lile neno kwa sauti yangu hii ambayo watu wameizoea, na Mumbi naye akicheka.

"Nitaleta mbuzi wawili," nikasema. "Mmoja ni mimi."

Na kweli alicheka. Mdomo wake ulicheka. Akashuka ukutani, akajikung'uta vumbi.

"Wewe ndiye mtu pekee anayenichekesha ninapokufa," akasema. "Twende baharini."

Kwenye ufuko ule maji ya karibu ni ya kijani, ya mbali ni ya buluu, na mchanga hauna hata jani. Mumbi aliingia mbio, mbio za mtu anayekimbia kitu. Nikamsikia akipiga kelele. Alikuwa amekanyaga kidude cheusi chenye miiba, nungunungu wa baharini, kilichojibanza penye mwamba. Nilimbeba mpaka mchangani, nikaweka mguu wake wa kushoto pajani kwangu, nikaanza kuchomoa miiba ubavuni mwa kisigino, mmoja mmoja, kwa kucha. Kila nilipochomoa, vidole vyake vilijikunja vyote kwa pamoja kama mkono wa mtoto mchanga, naye akanikamata bega.

"Usikanyagie kisigino," nikawa namwambia. "Pole. Pole mama. Usikanyagie kisigino."

Mingine ilivunjikia ndani. Muuza madafu alikuja akatutazama, akatueleza kwa mikono kwamba tuiache, itabaki madoa meusi kwa wiki kadhaa, kisha itapotea yenyewe.

"Wiki kadhaa?" Mumbi akauliza. Aliyagusa yale madoa polepole kwa ncha ya kidole. "Basi nitatembea na hiki kisiwa wiki kadhaa."

Tuliporudi, kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis, alisimama juu ya ngazi za umeme zinazoshuka kwenye mizigo. Mama yake alikuwa anangoja chini.

"Tukifika chini hatujuani," akasema.

"Nani wewe?" nikasema.

Hilo nalo lilikuwa mzaha. Akashuka akichechemea. Nilizunguka huko juu hadi begi langu likabaki peke yake kwenye mkanda, linazunguka kama mimi.

*

Nyumbani Solomon aliniangalia akasema, "Bro, Iowa imekuchoma pua?" Kweli, pua ilikuwa inabambuka. Jumapili kanisani, Tata Kendi, mke wa mjomba wake Mumbi, alinisimamisha mlangoni, akaichunguza hiyo pua, akatoa mafuta ya mgando kwenye mkoba akanipa. Tata Kendi ni mwanamke wa maneno machache, na mimi watu wa namna hiyo huwa siwaweki kwenye hesabu. Hawachekeshi, hawacheki.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa chini wa kanisa, Burnsville, saa nane mchana, nje theluji imefika kwenye vioo vya magari. Ndani joto, pilau, wazee wenye kofia, kina mama wamevaa vitenge sare, na jukwaa dogo la mbao. Nilikuwa moto siku hiyo, tusidanganyane. Niliwaambia wazee wa Muriuki waliochelewa kwamba msichana amesubiri mpaka amekuwa raia. Niliwaambia mbuzi wao ni wa picha kwa hiyo watakula picha. Mama Peris alikuwa anajifuta macho. Alininyooshea kidole gumba.

Ikafika sehemu inayopendwa kuliko zote. Wasichana sita wanafunikwa leso kuanzia kichwani, wanavuliwa viatu wasitambulike kwa viatu, wanasimamishwa mstari, na bwana anatakiwa amchague mke wake. Tata Kendi ndiye aliyekuwa anawafunika nyuma ya pazia. Wakatoka wakishikana mabega, vipofu, wanacheza taratibu. Huoni kitu. Unaona leso tu, na chini ya leso, miguu.

Nilijiambia nisitazame chini. Nilitazama chini.

Wa nne. Mguu wa kushoto, ubavuni mwa kisigino, madoa meusi kama mbegu za papai.

"Haya Muriuki!" nikapaza sauti. "Uko duka la dawa, ndugu. Usitoe dawa isiyo ya mgonjwa!"

Watu wakaangua kicheko. Muriuki akapangusa miwani, akaenda kwa wa kwanza, akafunua. Alikuwa Chepkemoi, mwimbaji wa kwaya, akamtolea ulimi. Ukumbi ukalipuka. Akaenda kwa wa sita. Alikuwa Kerubo wa kazini. Kina mama wakapiga vigelegele vya kumzomea.

Nitakueleza kitu cha kijinga. Aliposhindwa mara ya pili, moyo wangu uliruka. Huu ni mchezo tu, kila mtu anajua, hata akikosea mara mia atapewa mke wake na soda juu. Lakini uliruka. Nikafikiri, hamjui. Hajui miguu yake. Labda atakosa, labda Mungu atasema kitu. Mtu akizama hushika hata povu.

"MC!" Muriuki akanigeukia, anacheka kwa aibu, jasho kwenye paji la uso. "Nisaidie, ndugu yangu."

"Msaidie! Msaidie!" ukumbi ukaitikia.

"Mimi ni MC, si mbwa wa polisi! DJ, wazungushe!"

Muziki ukapanda. Wale waliobaki wakaanza kuzunguka, mikono mabegani, wanapapasa njia kwa nyayo. Ukingo wa jukwaa uko juu kidogo. Wa nne alipofika pale mguu wa kushoto ukakosea, ukatua kwa kisigino. Vidole vyote vikajikunja kwa pamoja.

"Pole," nikasema. "Pole mama. Usikanyagie kisigino."

Nilisema kwenye maiki. Na haikuwa sauti ya MC. Ilitoka ukutani kwenye spika zote nne, laini, ya karibu, sauti ya mtu aliyeinama juu ya mguu pajani kwake. Chini ya leso mwili ukasimama kabisa.

Nilirukia mzaha wa kwanza nilioupata. "Huyo atatuvunjia jukwaa la kanisa, nani atalitengeneza!" Wakacheka. Asanteni, walicheka. Lakini Muriuki, ambaye ni mpole na si mjinga, alikuwa ameshakwenda moja kwa moja kwa yule aliyeambiwa pole. Akashika pindo la leso kwa vidole viwili, kwa adabu, akafunua.

Mumbi.

Vigelegele vikapasua dari. Mama Peris alikuwa anaruka kama msichana. Muriuki akamkumbatia, na juu ya bega lake macho ya Mumbi yakanipata, makubwa, hayana haraka. Hayakuwa na hasira. Ningependa yangekuwa na hasira. Yalikuwa yanangoja, bado, kwa mara ya mwisho, kama pale ukutani. Kisha akayafumba, akaweka kidevu begani kwa Muriuki.

Mimi mwenyewe nilimtafuta kati ya leso sita, nikamkabidhi kwa Muriuki.

"Makofi!" nikasema. "Makofi kwa bwana harusi, daktari wa macho!"

DJ akaachilia wimbo, wazee wakaanza kucheza. Nikapita nyuma ya pazia kutafuta maji. Huko kulikuwa na viatu vya wasichana vimepangwa, na Tata Kendi amekaa kwenye kiti cha plastiki akikunja leso moja moja.

"MC," akasema, haniangalii.

"Naam, Tata. Umeona mambo?"

"Kisigino."

"Eh?"

"Ulimwambia asikanyagie kisigino. Mguu unaweza kuuma popote. Wewe umejua ni kisigino."

"Tata, nilibahatisha tu, mimi ni mtu wa kuropoka, unanijua."

Aliweka leso iliyokunjwa juu ya nyingine, akalainisha kwa kiganja. "Ule mguu nimeuosha mimi asubuhi. Nikamuuliza haya madoa ni ya nini. Akaniambia alikanyaga chupa kazini." Sasa akainua uso. "Mimi nimekulia Meru, Gilbert, lakini nimefanya kazi hotelini Malindi miaka mingi. Chupa haiachi madoa kama yale. Iowa kuna bahari?"

Nikacheka. Angalau nilianza kucheka. Sauti ilitoka nusu, ikarudi.

"Tata, Iowa bwana, Iowa ni..."

Nilitafuta. Nawaambia kweli, nilitafuta kila mfuko. Mzaha wa mahindi, mzaha wa mbuzi, mzaha wa pua. Sikupata hata mmoja. Nje ya pazia Mama Peris alikuwa ameshika maiki yangu ya pili, anauliza, "MC wetu yuko wapi jamani? Keki!" Na watu walikuwa wanacheka kwa kusikia jina langu tu.

Tata Kendi akasimama. Akachukua leso ile ya juu, ambayo bado ilikuwa na joto na mafuta ya nywele za Mumbi, akanitundikia begani.

"Jifute kabla hujatoka," akasema. "Unasomeka mpaka mlangoni."